Akumuleta ya haidroliki na matangi ya presha: inatunzaje nguvu na inachajiwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo naulizwa tena na tena na mafundi wanaoanza, waendesha mitambo, na watu wenye pampu ya maji nyumbani ambao wameona lile tanki la bluu au la kijivu pembeni ya pampu hawajui linafanya nini. Nimeyapanga kwa jinsi yalivyonijia, sio kwa ukubwa. Kama una haraka na uko na spana mkononi sasa hivi, ruka mengine yote usome kwanza lile linalosema mashine imezimwa, afu ndo urudi juu.

Akumuleta ni kitu gani hasa?

Ni chupa ya chuma nene yenye vyumba viwili ndani, upande mmoja gesi ya nitrojeni, upande mwingine oili, na katikati kuna kitu cha kuzitenganisha. Pampu ikisukuma oili iingie, gesi inabanwa. Oili ikihitajika kwenye silinda au mota, gesi inatanuka na kuisukuma itoke. Ni hivyo tu, hamna umeme ndani, hamna kitu kinachozunguka.

Ukitaka kuielewa kwa mikono yako chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta hewa ndani, ziba mdomo kwa kidole, sukuma. Linaingia, linakuwa gumu, ukiachia linarudi lenyewe. Sasa lijaze maji pasiwe na hewa hata kidogo, ziba, sukuma tena. Haliendi popote, na ukiachia hamna kinachorudi. Hapo umeshajua nusu ya yote nitakayosema hapa chini.

Mbona unasema nguvu iko kwenye gesi? Si oili ndo inafanya kazi?

Oili inabeba nguvu kutoka hapa kwenda pale, ila kuitunza haiwezi, au tuseme inatunza kidogo mno. Oili ya haidroliki ukiiongezea presha ya bar 100 (bar ni kipimo cha presha, bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka) inapungua ujazo kwa kama asilimia 0.7 hivi. Chukua chupa ya lita 10 iliyojaa oili tupu, ipeleke hadi bar 200, umeingiza kama mililita 130 za ziada basi. Nguvu iliyolala humo haifiki hata kilojuli 2 (kilojuli ni kipimo cha nguvu iliyotunzwa). Chupa hiyohiyo ya lita 10 ukiiwekea nitrojeni vizuri ukaifanyisha kazi kati ya bar 100 na bar 200, inatunza zaidi ya kilojuli 60. Mahesabu yake yako hapo chini.

Ndo maana akumuleta iliyopoteza gesi ni chuma kizito kilichofungwa ukutani. Imejaa oili, geji inaonyesha presha kubwa, kila kitu kinaonekana sawa, lakini ukifungua valvu inatoa matone machache afu presha inaanguka sifuri. Watu wengi wanabadilisha pampu, wanabadilisha valvu, wanamwaga oili wanaweka mpya, kumbe tatizo ni gesi ambayo ingerudishwa kwa nusu saa.

Ziko za aina ngapi?

Utakazokutana nazo sana ni tatu. Ya kwanza ni ya bleda, yaani ndani kuna mfuko wa mpira kama ule wa ndani ya mpira wa miguu, gesi inakaa ndani ya mfuko na oili inakaa nje yake. Hii inajibu haraka sana na haisumbuliwi sana na uchafu. Ya pili ni ya pistoni, ni silinda yenye pistoni inayoelea bure katikati, inafaa kwa ujazo mkubwa na kwa kazi ambazo presha inapanda na kushuka kwa tofauti kubwa, ila sili zake, yaani ile mipira ya kuzuia uvujaji, zinachakaa kwa oili chafu na inachelewa kidogo kujibu kwa sababu ya msuguano. Ya tatu ni ya utando, hizi ni ndogo, zina umbo la mpira wa duara au la chungu, ndani kuna ngozi ya mpira inayogawa vyumba viwili. Gari la Citroën DS la mwaka 1955 lilitumia duara za namna hiyo zenye nitrojeni badala ya springi za kawaida za chuma.

Kuna za springi pia, ndogo, sio nyingi.

Na kuna ya uzito, ambayo ndo babu wa zote na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inaonyesha wazo lenyewe bila kificho. Mhandisi Mwingereza William Armstrong alikuwa anaendesha makreni ya bandarini kwa nguvu ya maji, na ili apate presha alihitaji maji yakae juu sana. Pale Grimsby ulijengwa mnara wa karibu mita 94 uliokamilika 1852, kazi yake kubwa ni kuweka tanki la maji juu ili maji yakishuka yawe na presha. Sasa mnara kama huo huwezi kuujenga kila mahali, sehemu nyingine ardhi ni mchanga haibebi, kwa hiyo akaja na wazo la kuweka silinda wima yenye pistoni kubwa na juu ya pistoni anapakia mzigo mzito kabisa wa mawe na vyuma. Pampu inasukuma maji taratibu chini ya pistoni, mzigo unapanda. Kreni ikihitaji nguvu, mzigo unashuka na kuyasukuma maji. Daraja la Tower Bridge jijini London lililofunguliwa 1894 lilikuwa linanyanyuliwa kwa mfumo huo, injini za mvuke zinajaza akumuleta za uzito polepole, afu zile akumuleta ndo zinatoa nguvu ya kuinua daraja kwa muda mfupi. Lilifanya kazi hivyo hadi 1976 walipoweka oili na umeme.

Uzuri wa ile ya uzito ni kwamba presha haibadiliki, mzigo uko vilevile ukiwa juu au chini. Ya gesi presha yake inashuka kadiri oili inavyotoka, na hilo lazima ulikumbuke unapochagua ukubwa.

Kwa nini nitrojeni? Siwezi kuweka hewa ya kompresa?

Kwenye akumuleta ya oili, hapana. Hewa ina oksijeni kama asilimia 21, na gesi ikibanwa haraka inapata moto, hicho ndo kinachowasha injini ya dizeli, pale hamna plagi ni mbano tu. Sasa weka hewa upande mmoja, mvuke wa oili upande mwingine, mpira katikati ambao siku moja utavuja, afu ibane kutoka bar 90 hadi 200 kwa nusu sekunde. Umetengeneza dizeli isiyo na pa kutolea moshi. Na hewa ina unyevu unaoleta kutu, na oksijeni yenyewe inaula mpira kabla ya siku zake.

Oksijeni tupu kutoka mtungi wa kuchomelea hiyo usiifikirie hata sekunde moja. Oksijeni yenye presha ikigusa oili inawaka yenyewe. Mitungi inafanana, karakana zina mitungi mingi, kwa hiyo kabla hujafunga hozi soma maandishi ya mtungi wenyewe, usiamini rangi peke yake kwa sababu rangi hazilingani nchi zote. Nitrojeni haiwaki, haili chuma, na inapatikana kirahisi kwa sababu ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta.

Ila nitrojeni nayo ina lake. Haina harufu, na ikijaa kwenye chumba kilichofungwa inaisukuma oksijeni nje, mtu anazimia bila kuhisi chochote. Chajia mahali penye hewa, fungua milango.

Presha ya awali ni nini, na niweke kiasi gani?

Presha ya awali ni presha ya gesi wakati upande wa oili uko sifuri kabisa, yaani hamna oili inayoisukuma. Hii ndo namba muhimu kuliko zote kwenye akumuleta, na ndo namba ambayo haionekani kwenye geji ya mashine ikiwa inafanya kazi. Geji ya mashine inakuonyesha presha ya oili. Gesi na oili zikiwa zinasukumana zina presha sawa, kwa hiyo huwezi kujua gesi ilianzia wapi.

Kwa akumuleta ya bleda inayotunza nguvu kanuni inayotumika sana ni asilimia 90 ya presha ya chini ya kazi. Mfumo wako ukifanya kazi kati ya bar 100 na 200, unaweka bar 90. Ile kumi inayobaki ni ya kuhakikisha kuna oili kidogo inabaki chini kila mara, bleda isije ikagonga ile valvu ya chini kila mzunguko ikajikata. Kwa ya pistoni unaweza kusogea karibu zaidi na presha ya chini kwa sababu hamna mpira wa kukatwa, ila nayo usiiache pistoni igonge kifuniko cha mwisho. Kama kazi yake ni kuzima mitikisiko ya pampu na sio kutunza nguvu, watengenezaji wengi wanataka kati ya asilimia 60 na 80 ya presha ya kazi. Kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Ukiweka kubwa mno oili inaingia kidogo, na ikizidi presha ya mfumo haiingii kabisa, unakuwa na chupa ya gesi tu. Ukiweka ndogo mno bleda inakunjwakunjwa na kufinywa juu kabisa, mpira unapata joto, unachanika. Kwa bleda kawaida hawataki presha ya juu izidi mara nne ya presha ya awali. Pistoni inavumilia zaidi ya hapo.

Nipigie mahesabu basi, lita ngapi nitapata?

Tuchukue hiyohiyo ya lita 10, presha ya awali 90, kazi kati ya 100 na 200. Kabla ya kuanza ongeza 1 kwenye kila namba, kwa sababu geji inaanza kuhesabu kutoka kwenye presha ya hewa inayotuzunguka wakati gesi yenyewe inaanza kuhesabu kutoka kwenye utupu. Kwa hiyo 91, 101, 201.

Robert Boyle aliliandika hili 1662, presha mara ujazo haibadiliki kama joto halibadiliki. 91 mara 10 ni 910. Kwenye presha ya chini gesi ina lita 910 gawa 101, ni kama 9. Kwenye presha ya juu ina 910 gawa 201, ni kama 4.5. Tofauti ni lita 4.5, hiyo ndo oili utakayopata.

Nguvu iliyolala humo inafika kama kilojuli 62, ambayo ni sawa na kunyanyua gari la tani moja juu kwa zaidi ya mita 6. Kutoka kwenye chupa ya lita 10! Ndo maana nikiona mtu anaipiga nyundo nasimamisha kazi.

Nimepiga hesabu hiyo nikanunua, mbona inatoa oili kidogo kuliko ulivyosema?

Hili linawakuta wengi sana na naomba ulisome taratibu. Boyle alisema kama joto halibadiliki. Gesi ikitanuka taratibu, dakika kadhaa, inapata muda wa kuvuta joto kutoka kwenye chuma na hesabu yake inakubali. Ikitanuka kwa sekunde moja haina muda huo, inapoa, na gesi baridi ina presha ndogo, kwa hiyo inafika bar 100 mapema kabla oili yote haijatoka.

Kwenye mfano wetu, ukichaji taratibu hadi 200 ukaacha ipoe, afu ukaifungulia ghafla, hutapata lita 4.5, utapata kama lita 2.9. Zaidi ya theluthi imebaki ndani. Haijapotea moja kwa moja, ukisubiri dakika chache gesi ikipata joto tena presha inapanda yenyewe na unaona geji inasogea bila pampu kuwaka, watu wanashtuka wanadhani kuna valvu imeharibika. Ni gesi inarudia joto lake.

Kwa hiyo mtu akikuuliza anunue ya lita ngapi, muulize kwanza oili inatakiwa itoke kwa sekunde au kwa dakika. Ukubwa unaweza kutofautiana karibu mara moja na nusu kwa kazi ileile.

Inachajiwaje? Nieleze kuanzia mwanzo.

Kuna kuchaji kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Kuchaji kwa gesi ni ile presha ya awali, unafanya mara moja moja. Kuchaji kwa oili kunafanywa na pampu kila siku mashine ikiwa inafanya kazi, kuna swichi ya presha au valvu inayoiambia pampu anza hapa, pumzika pale. Hapa nazungumzia ya gesi.

Zima mashine, funga swichi kuu mtu mwingine asiwashe, afu fungua valvu ya kumwagia oili irudi tanki hadi geji ya oili isome sifuri kabisa. Sio karibu na sifuri. Iache hiyo valvu wazi muda wote wa kazi, kwa sababu oili ikibaki imefungiwa ndani utakuwa unachaji gesi dhidi ya oili na namba utakayoisoma ni ya uongo.

Toa kifuniko cha juu, safisha pale, funga kifaa cha kuchajia chenye geji yake na valvu ya kupunguzia. Upande wa pili unafunga hozi inayotoka kwenye mtungi wa nitrojeni, na kwenye mtungi lazima pawe na regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza na kudhibiti presha inayotoka. Mitungi mingi inakuja na bar 150 hadi 200, mingine 300, ukiunganisha moja kwa moja kwenye akumuleta ndogo iliyotengenezwa kubeba presha ya chini unaweza kuipasua.

Kama bleda ni mpya, kabla ya kuifunga unamimina oili safi kidogo ndani ya chupa na kuizungusha ili mpira uteleze unapofunguka. Afu gesi ya mwanzo iingie POLEPOLE. Hapa ndo bleda nyingi mpya zinakufa, siku ya kwanza kabisa, kabla hazijafanya kazi hata saa moja. Gesi inayotoka mtungini kwa kasi inakuwa baridi sana, mpira baridi unakuwa mkavu unakatika kama biskuti, na pia ukiujaza kwa kasi unatanuka chini kabla ya juu, unaingia chini ya valvu ya oili na kubanwa pale. Fungua mtungi kidogo tu, usikie gesi inapita kwa sauti ndogo, hadi presha ianze kupanda yenyewe, hapo bleda imeshajaa chupa yote. Baada ya hapo unaweza kuongeza kasi kidogo.

Ipitishe kidogo juu ya namba unayoitaka, funga mtungi, subiri. Dakika 10 hadi 15, hata zaidi kwa kubwa. Joto la gesi likitulia soma tena, punguza kwa ile valvu ndogo hadi ufike pale unapotaka. Funga valvu ya gesi, toa kifaa, paka maji ya sabuni kwenye valvu uone kama kuna mapovu, rudisha kifuniko. Andika tarehe, presha, na joto la siku hiyo. Tafadhali andika, kwa ajili ya yule atakayekuja baada yako.

Mtungi wangu umebaki na bar 80 na mimi nataka 90?

Haitafika. Gesi inaenda hadi presha zilingane, basi. Tafuta mtungi uliojaa, au pampu ya kuongezea presha ya gesi. Usijaribu kuupasha mtungi moto.

Nimeweka 90 asubuhi, mchana inasoma 99. Imeharibika?

Haijaharibika, imepata joto. Gesi iliyowekwa bar 90 kwenye nyuzi 20 itasoma kama 99 kwenye nyuzi 50 na kama 84 kwenye nyuzi sifuri, bila gesi kuongezeka wala kupungua hata chembe. Ndo maana nimesema andika joto. Mtu anayekuja mchana akapunguza hadi 90, kesho asubuhi mwingine anaikuta ndogo anaongeza, wiki nzima mnazunguka mnapoteza nitrojeni.

Sina kifaa cha kuchajia, nitajuaje presha ya awali?

Kuna njia na ni nzuri sana, inahitaji geji ya oili na macho tu. Washa pampu ijaze akumuleta, zima pampu. Fungua valvu ya kumwagia oili kidogo sana, irudi tanki taratibu, na uitazame geji. Mshale utashuka polepole, polepole, afu kuna mahali utaanguka ghafla hadi sifuri. Ile namba ulipoanzia kuanguka ndo presha yako ya awali, kwa sababu hapo oili imeisha na hamna tena gesi inayosukuma. Ikianguka kutoka juu moja kwa moja, gesi imekwisha. Ukiiona inaanguka kwenye 60 wakati uliweka 90, imevuja.

Kwa akumuleta mpya angalia baada ya wiki ya kwanza, afu baada ya miezi michache, ikitulia unaweza kwenda hadi mwaka kati ya ukaguzi na ukaguzi.

Dalili za gesi kuisha ni zipi?

Pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Mabomba yanagonga valvu ikifunga. Silinda inaanza vizuri afu inakosa nguvu katikati. Breki za mtambo zinashika mara moja tu injini ikiwa imezimwa wakati zilikuwa zinashika mara kadhaa. Na ukibonyeza ile valvu ya gesi juu kidogo (mashine imezimwa na oili imeshatolewa) ikatoka oili badala ya gesi, bleda imetoboka, hiyo haichajiwi tena, inabadilishwa.

Mashine imezimwa kabisa, injini imepoa, naweza kufungua hozi?

HAPANA, hadi uwe umeitoa presha ya akumuleta na umeiona geji iko sifuri kwa macho yako.

Pampu ikizimwa gesi haijui kwamba pampu imezimwa. Inaendelea kusukuma usiku mzima, wiki nzima, kama hamna pa kuvujia. Ndo kazi yake, na ndo maana inawekwa kwenye mambo ya uhai. Kwenye visima vya mafuta akumuleta zinakaa tayari kufunga mdomo wa kisima hata umeme wote ukikatika, kawaida zinakuwa na psi 3000 zikiwa na presha ya awali ya psi 1000 (psi ni kipimo kingine cha presha, bar 1 ni kama psi 14.5). Kwenye ndege zinashikilia breki ya kuegesha injini zikiwa zimezimwa. Kwenye boti za kuokolea kuna injini zinazowashwa kwa akumuleta inayopampiwa kwa mkono, hazihitaji betri. Sifa hiyohiyo inayomwokoa mtu baharini ndo inayomuumiza fundi anayedhani kimya maana yake usalama.

Nilishawahi kusimama karakana moja mita mbili tu kutoka kwa kijana aliyelegeza nati ya bomba kwenye mtambo uliolala tangu jana yake. Oili ilitoka kama msumeno, ikapiga ukuta wa pili. Hakuumia, alikuwa amesimama pembeni kwa bahati. Tangu siku hiyo sijawahi kumruhusu mtu aguse bomba kabla sijamwonyesha geji.

Na jambo jingine ambalo nataka kila mtu alijue. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa inapenya ngozi. Unaona kidonda kidogo kama umechomwa na sindano, hakiumi sana mwanzoni, unasema nitaenda kesho. Usiende kesho. Ile oili inasambaa ndani ya mkono na kuua nyama, inahitaji upasuaji ndani ya masaa machache, watu wamekatwa vidole na mikono kwa kuchelewa. Nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie wazi ni oili ya presha imeingia ndani ya ngozi, sio mchubuko. Na usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono, tumia kipande cha kadibodi.

Tanki la oili nalo linatunza nguvu?

Hapana, lile la mraba lenye geji ya kioo linatunza oili tu, karibu halina presha. Kazi yake ni kuipoza, kuacha mapovu yatoke na uchafu utulie chini. Ila ukiweka akumuleta kubwa hakikisha tanki lina nafasi ya kupokea oili yote ikimwagwa, la sivyo litafurika sakafuni.

Na lile tanki la maji la presha nyumbani, ni akumuleta pia?

Ndiyo, ni ndugu yake mdogo. Ndani lina mpira, upande mmoja maji upande mwingine hewa. Hapa hewa ya kawaida inaruhusiwa kwa sababu ni maji na presha ni ndogo, unaweza kujaza hata kwa pampu ya baiskeli.

Kanuni yake ni psi 2 chini ya presha inayowashia pampu. Kama swichi inawasha kwenye 30 na kuzima kwenye 50, weka 28. Lakini zima pampu kwanza, fungua bomba maji yaishe kabisa, ndo upime. Watu wengi wanapima maji yakiwa ndani wanaona 45 wanaridhika.

Na tanki la lita 100 halikupi lita 100. Kwa 28, 30 na 50 unapata kama lita 30 kabla pampu haijawaka tena. Lililopoteza hewa linakupa lita moja mbili, pampu inawaka kila ukifungua bomba kunawa mikono, na mota inaungua mapema kwa kuanza na kusimama kila mara. Yale matangi ya zamani yasiyo na mpira hewa yake inayeyuka kwenye maji pole pole, kwa hiyo yanahitaji kuongezewa hewa mara kwa mara, sio ubovu, ndivyo yalivyo.

Kwani si bora betri?

Inategemea unataka nini. Betri ya gari ya volti 12 na amp-saa 50 ina kilojuli kama 2160, ile chupa yetu ya lita 10 ina 62. Kwa kutunza nguvu nyingi muda mrefu akumuleta haishindani. Lakini ile chupa inaweza kuimwaga sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya sekunde moja, na kuipokea tena kwa kasi hiyohiyo, mara laki na laki. Kwa hiyo kwenye mashine ya kubana chuma inayohitaji nguvu kubwa sekunde mbili afu inapumzika sekunde ishirini, unafunga pampu ndogo ijaze taratibu na akumuleta itoe pigo. Bila hiyo ungehitaji mota kubwa mara kadhaa ambayo muda mwingi ingekaa bure.

Naweza kuchomelea kishikio kwenye chupa yake?

Usichomelee, usitoboe, usikate, hata kama unadhani iko tupu. Moto unabadilisha chuma, na chuma kile kilipimwa kikiwa vilevile kilivyotoka kiwandani. Tumia vishikio vya kufunga kwa bolti kuizunguka.

Imezeeka, nataka kuitupa kwenye chuma chakavu.

Kwanza toa oili yote, afu toa gesi yote kwa kifaa cha kuchajia, taratibu, mahali penye hewa. Geji ikifika sifuri ng'oa valvu ya gesi yenyewe uiache wazi na uandike kwa rangi kubwa kwamba imetolewa presha. Ile ya pistoni kuwa mwangalifu zaidi, pistoni inaweza kuwa imekwama kwa kutu na gesi imejificha nyuma yake hata kama upande wa oili uko wazi, kwa hiyo usiguse vifuniko vya mwisho hadi upande wa gesi nao uwe wazi kabisa. Mkata chuma chakavu anakuja na moto, hana namna ya kujua ndani kuna nini isipokuwa umwonyeshe lile tundu.